Mstari Wima

Saa tano usiku, Nkuhungu. Upepo unapekua mabati
kama mtu aliyepoteza risiti.
Chilongani anapiga kutoka Hombolo: "Dada Nyemo, imekataa tena."
Namwambia anisomee. Anasoma polepole, kama barua ya benki:
hakuna faili wala saraka hiyo.

Kwangu inajenga. Kwake haijengi.
Programu ni ileile: inasoma mizani ya ushirika,
kreti kwa kreti, zabibu nyeusi, zabibu nyeupe,
jina la mkulima, kilo, alama ya dole gumba.
Msimbo wote nimemtumia, hakuna mstari uliobaki nyuma.
Kilichobaki ni chumba.

Maana mkoba tunaobebea msimbo haubebi chungu kitupu.
Saraka isiyo na kitu haisafiri.
Niliiunda kwa mkono wangu mwaka jana, siku ya joto,
nikaisahau, ikawa kama ukuta: ipo tu.
Kumbe kule Hombolo mzigo unafika ukiwa kichwani,
unatafutiwa pa kutua, hapaonekani.

Ningeweza kumwambia aiunde mwenyewe. Neno moja, enta, alale.
Lakini kesho ni Mpunguzi, keshokutwa Veyula,
kila kompyuta mpya na mtu wa kuniamsha.

Nikafungua Makefile.
Juu kabisa nikaweka jina: JENGO = ghala.
Liandikwe hapo mara moja, kwingine kote liitwe tu,
ili siku tukihama tubadili kibao, tusibomoe kijiji.
Chini yake kanuni: ghala likikosekana, mkdir -p,
liundwe pamoja na wazazi wake wote wasiokuwepo.
(Nilianza kwa nafasi nane badala ya Tab.
Kwa jicho ni kitu kimoja. Make haina jicho. Ikanirudisha.)

Nikasema basi, kila faili litakalozaliwa litegemee ghala.
Ikajenga. Nikafurahi, nikaita tena kwa kuhakikisha tu.
Ikajenga upya. Faili arobaini kati ya arobaini na moja,
wala sikuwa nimegusa hata koma.
Nikaita tena. Arobaini tena.
Chai ikapoa kabla sijaelewa:
kila kitu kikiingia ghalani, ghala linajiona limezaliwa sasa hivi,
na waliotangulia kuingia wanaonekana wazee
wa kurudishwa kufinyangwa upya.

Mama, kule Mvumi, hakuuliza kilindo kina umri gani.
Uwele ukikauka aliinua macho mara moja: kipo?
Kipo, tunapura. Hakipo, kisukwe kwanza.
Basi. Panya waliingia wakatoka, sisi tulichota debe baada ya debe,
na hakuna aliyesema mavuno yarudi shambani
kwa sababu kifuniko kimeguswa.

Kuna alama moja kwenye kibodi, juu ya enta,
sikumbuki kama nimewahi kuitaja kwa jina.
Mstari wima. Fimbo iliyosimama bila kuegemea kitu.
Nikaichomeka katikati ya sharti.
Kushoto kwake wamekaa wale ambao umri wao una maana:
msimbo wangu, vichwa vyake, makosa yangu ya jana.
Kulia limekaa ghala,
nami naliuliza swali moja tu, la mama.

Nikafuta saraka yote. Nikaita.
Ghala likajitokeza, faili zikapanga foleni, zikaingia.
Nikaita mara ya pili.
Make ikajibu kwamba haina la kufanya.
Sikumbuki lini mara ya mwisho kuambiwa hivyo na mtu yeyote
nikacheka peke yangu.

Saa saba na robo. "Vuta upya, Chilongani. Haya, ita."
Nasikia vidole vyake, viwili, vikitafuta herufi.
"Imepita, Dada! Imejijengea yenyewe!"
Halafu kimya. Halafu:
"Ila mizani inasema sifuri."

"Umeichomeka kwenye umeme?"

Upepo kwake, upepo kwangu.
"Subiri."